Bafu Lililovikwa Nailoni

Alasiri hiyo, kama alasiri zote nyumba ikishatulia, mshonaji aliingia kwenye bafu jipya, akafunga mlango, akakaa juu ya kifuniko cha choo ambacho bado kilikuwa na nailoni yake ya dukani. Hakuja kuoga. Bafuni humo hakuna mtu aliyekuwa ameoga hata mara moja. Alikaa tu, mikono mapajani, akitazama mwanga ukipita kwenye kioo kizito cha dirisha na kutambaa polepole juu ya vigae vya buluu. Kila kitu kilikuwa kimefunikwa: bomba, shawa, hita, hata chuma cha kushikilia kilichowekwa ukutani kwa ajili ya mumewe. Upepo ukipenya chini ya mlango, nailoni zote zilipumua kidogo, naye akapumua pamoja nazo.

Humo ndani hapakuwa na jana wala kesho. Alipenda hivyo, na angeachwa angekaa humo mpaka uzeeni.

Nje ya mlango mambo yalikuwa mengine. Mumewe, kinyozi aliyeacha kazi tangu miguu ianze kumvimba, alikuwa bado anaogea uani, maji ya ndoo, huku amemshika mkewe begani ili asianguke. Binti yao ndiye aliyemleta fundi, makusudi baba yake apate kuoga ameketi, kwa maji ya moto, bila kushikwa na mtu. Fundi akamaliza, akakabidhi kazi, akaenda zake. Kinyozi akasubiri kuambiwa karibu. Mara ya kwanza aliuliza kwa utani, baadaye akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mkewe akamjibu kwamba saruji haijakauka sawasawa. Saruji gani hiyo isiyokauka, mzee akataka kujua, au ilikorogwa kwa mafuta ya nazi?

Usimcheke mama wa watu. Ni kweli kwamba katika nyumba ile kitu kipya hakikuvuliwa nguo. Kochi lilikuwa na nailoni yake, na mgeni akikaa lilipiga kelele hadi akaona aibu. Rimoti ya televisheni ilikuwa na mfuko wake. Watu wengi wangeishia hapo na kusema mama ana mambo yake. Lakini safari hii kulikuwa na zaidi.

Siku ya kukabidhi kazi, fundi, jitu refu ambalo mtaa mzima uliliita Twiga, aliwaeleza kwamba anawapa dhamana ya mwaka mmoja. Kigae kikibanduka, maji yakipita pasipotakiwa, wamwite, atakuja kurekebisha mwenyewe na hatadai kitu. Hita ilikuwa na waranti yake ya kiwandani, nayo ya mwaka. Binti akashukuru sana. Mama akajishika ukutani.

Neno hilo, mwaka, alikuwa amelisikia siku chache tu nyuma, kwenye korido ya hospitali, daktari alipomvuta pembeni. Moyo wa mzee umechoka, daktari alimwambia. Tukijaliwa, mwaka. Hakumwambia mumewe, hakumwambia binti, alilimeza peke yake. Twiga aliposema mwaka, ile miwili ikashikana kichwani mwake ikawa mmoja, na mshonaji akajiwekea sheria ambayo asingethubutu kuitamka mbele ya mtu: mwaka huanza siku kitu kinapofunguliwa. Nailoni isipotoka, maji yasipotiririka, mwaka haujaanza. Basi akawa mlinzi wa bafu.

Twiga alikuwa na tabia moja, ya kupitia kazi zake bila kuitwa, aone zinaendeleaje. Alasiri hiyo alibisha hodi, kinyozi akajikokota kumfungulia na kumwongoza bafuni mwenyewe. Wakamkuta mama ameketi juu ya nailoni, mchana kweupe, kama anasubiri basi.

Fundi akaamkia, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akainama kugusa sakafu. Kavu. Akachungulia tundu la kutolea maji, akakuta hata vumbi la vigae halijaoshwa.

"Mama, hamjaoga humu?"

"Tunatunza dhamana," alisema. "Tukifungua itaanza kutembea."

Twiga hakucheka, na kwa hilo asifiwe. Alichuchumaa chini kabisa, magoti yakamfika masikioni, ili asimsemeshe mama kutoka juu.

"Mama yangu, ilishaanza. Ya hita imeanza siku ile iliponunuliwa. Yangu imeanza siku niliyokabidhi kazi. Mfungue, msifungue, inakwenda."

Mshonaji aliufunika mdomo kwa kiganja.

"Tena mkiacha hivi mnapata hasara," fundi aliendelea taratibu. "Dhamana haitunzwi. Kama nilikosea mahali, nitajuaje bila maji kupita? Fungulieni. Kama ni kuvuja, pavuje sasa hivi, wakati mimi nipo."

Mwanga ulikuwa umeshuka ukafika kwenye chuma cha kushikilia. Mshonaji aliona kwamba haukuwa umesimama hata alasiri moja katika zote alizokaa humo, ulikuwa ukitembea juu ya vigae mbele ya macho yake, na uchungu ukamjaa kifuani mpaka akashindwa kuinua uso.

"Mke wangu," kinyozi alisema kutoka mlangoni. "Mimi nilikuwa pale kwenye benchi la hospitali. Yule daktari hajui kunong'ona."

Mkewe aligeuka kumtazama. Mumewe alikuwa ameegemea fremu ya mlango, taulo begani. Sijui alilichukua saa ngapi.

"Na hukuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Hapo mshonaji akalia, bila kuficha, na fundi akapata ghafla sababu ya kwenda kukagua bomba la nje.

Alipomaliza kulia alisimama, akaanza na chuma cha kushikilia. Nailoni ilikuwa imeng'ang'ania, akaichana kwa meno kama alivyokata nyuzi maisha yake yote. Akavua bomba, akavua hita, akavua shawa. Akaweka kiti cha plastiki katikati, akamkalisha mume wake, akafungulia. Maji yalikohoa, yakatoka na vumbi, kisha yakatoka safi, yakapata moto. Kinyozi akainamisha kichwa chini yake, akafumba macho, akaguna kwa raha namna ambayo hakuwa ameguna siku nyingi.

Mshonaji akageuka ili amwachie nafasi, maana bafu lilijengwa aoge peke yake.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mzee, macho bado yamefumbwa.

Mkewe akafunga mlango kwa ndani, akavua kilemba.