Kufuli la Shangazi

Kufuli lililetwa na Shangazi Susana. Alilinunua sokoni Tengeru, kubwa la kufungia duka, akalitundika kwenye mlango wa jiko kule Akheri kana kwamba nyumba ya kaka yake imeingiliwa na mwizi. Ufunguo akautia uzi, akamvalisha wifi yake shingoni.

Mwizi mwenyewe alikuwa Elinipa, binti wa nyumba hiyo, na alikaa pale pale akiangalia. Jumamosi iliyopita aliingia jikoni peke yake akala loshoro ya wageni wa kikao cha harusi yake, mahindi na maziwa mgando, sufuria nzima. Hakuwa na njaa. Alikula upesi mpaka tumbo likauma, akaendelea kula, kisha akajifungia chumbani akalia. Haikuwa mara ya kwanza.

"Uroho tu," shangazi alisema. "Gauni la sendofu halitamwingia huyu. Afunge na kuomba. Chai ya rangi mpaka wakwe waje."

Uroho! Mroho hufurahia chakula chake, jamani. Elinipa hata ladha hakuikumbuka. Nesi wa kliniki moja mjini alishamweleza kwamba ule ni ugonjwa, una tiba, na kila akijinyima ndipo unapomrudia kwa nguvu. Ale milo yake yote, mezani, pamoja na watu. Elinipa aliyasema hayo mbele ya shangazi na mama yake.

Shangazi alicheka mpaka akajishika kiuno. "Ugonjwa wa kula! Mbona sisi hautupati?"

Mama aliinuka akaenda kulitia jiko kufuli. Mlio wa kufuli ulimuuma Elinipa kuliko kile kicheko.

Basi Elinipa akafunga, chai ya rangi tu. Na kufuli likafanya kazi ya makufuli: alichonyimwa jikoni alikifuata dukani kwa mangi, akala mikate nyuma ya migomba, amesimama, machozi ya hasira yanamtoka.

Wakwe walifika kutoka Maji ya Chai. Kwa desturi ya nyumba ile, binti anayeolewa huwanawisha wageni mikono, kisha hukaa pembeni. Haruhusiwi kula mbele ya wakwe. Elinipa aliwaamkia, akawanawisha wote, akaweka jagi chini. Kisha akavuta kiti mezani.

"Mama, naomba na mimi unipakulie."

Shangazi alimkazia macho. "Elinipa. Mbele ya wakwe?"

"Ndiyo, shangazi. Mafichoni nimeshakula vya kutosha."

Mama aliuvua ule uzi shingoni, akauweka ufunguo mbele ya wifi yake.

"Wifi, ukiondoka, uondoke na kufuli lako."

Akampakulia Elinipa bakuli sawa na la wageni, akajipakulia na yeye, akaketi ubavuni kwake. Elinipa alichota kijiko cha kwanza. Loshoro ilikuwa imechacha vizuri, na safari hii aliisikia ladha yake.