Mikono Minne, Tumbo Moja

"Mnagombea nini humo?" Daktari wa upasuaji aliifokea mikono minne ya roboti kama watoto watukutu. Ilikuwa imezoea matumbo ya watu wazima. Leo ilikuwa ikigongana juu ya katumbo ka binti wa miaka mitatu, aliyezaliwa na figo moja tu. Na mrija wa mkojo unaotoka kwenye figo hiyo ulikuwa umebana.

"Ondoeni mkono mmoja," akaamuru.

Nesi akashtuka. "Tubaki na mitatu, dokta?"

"Mwenye nyumba ni huyu mtoto. Sisi wageni tupungue."

Mikono ikaelewana. Akakata palipobana, akauunga mrija kwa uzi mwembamba kama unywele.

Siku mtoto alipotolewa mpira wa mkojo, daktari alimkuta mama wa binti ameinamia poti aliyoikalia mwanawe, machozi yakimtiririka. Roho ikamruka.

"Kuna nini, mama?"

"Anakojoa, dokta! Mwenyewe!"

Daktari akapiga magoti sakafuni asikilize vizuri. Binti akamkazia macho.

"Toka! Bado sijamaliza!"

Daktari, aliyezoea kufokea kila mtu, akatoka mbio huku akicheka.