Uzito wa Yakobo

Asubuhi ya kupima watoto, kwenye kanisa moja la Ubaruku, Lea alikuwa akifunga mizani kwenye boriti ya upenu wakati mwanamke asiyemfahamu alipoingia uani na mtoto mgongoni. Nyayo zake zilizama ardhini kama za ng'ombe anayevuta mkokoteni. Alisema anaitwa Esnath, mke wa Jailos wa mashine ya mpunga, yule anayeimba besi kwenye kwaya. Jicho lake moja lilikuwa limevimba na kufumba.

Lea alimvalisha mtoto, Yakobo, kaptula ya mizani na kumning'iniza. Miguu yake ilikuwa myembamba kama mabua. Mshale ukazunguka mpaka mwisho ukagota.

"Mzito," Lea alisema.

"Kila baba yake akinipiga, anaongezeka. Jana alitumia mwiko, kwa hiyo si sana."

Lea alimweleza mwinjilisti Liberatus, msimamizi wake katika huduma ya watoto wadogo. Huduma ilikuwa imeahidi kutembea na kila familia mpaka mtoto aanze shule, na kwao mtoto anayeongezeka uzito alikuwa mtoto anayetunzwa. Liberatus aliutazama mshale akamshukuru Mungu. Kuhusu jicho, alisema mambo ya ndani yana wenyewe, wataombewa.

Lea akawa anawatembelea kila wiki. Mara alimkuta Esnath amevunjwa kidole, mara hana meno ya mbele, mara ameunguzwa bega kwa pasi ya mkaa. Kitanda cha Yakobo kilivunjika, kisha sakafu ikabonyea. Mizani ya kanisa ilipokatika, walihamia mashineni kwenye mizani ya magunia, na Jailos ndiye aliyesoma uzito.

"Wenzangu mnazaa watoto," aliwatania wapakiaji, "mimi nimezaa gunia."

Sikukuu ya mavuno huduma ilimpa zawadi ya baba bora, mabati na beseni. Waumini walipiga makofi. Esnath naye alipiga, akigonga paja kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitenge.

Baadaye, wakiosha masufuria ya sikukuu, alimwambia Lea, "Nikishindwa kumbeba, dada, nifikishie kwa mama yangu Ipogolo. Mgongoni. Asiburuzwe."

"Nitambeba."

Msimu wa kupanda mpunga, Jailos alimpiga mkewe kwa mpini wa jembe kuanzia jikoni mpaka uani. Mpini ulivunjika, akaendelea na kipande kilichobaki. Majirani walisikia vishindo viwili: Esnath akianguka, kisha Yakobo akitoboa sakafu.

Ndugu walikubaliana kwamba aliteleza kwenye matope. Mazishini Liberatus alihubiri msamaha, na Jailos aliimba besi. Lea alipotaja mpini, Liberatus alimwambia kwa upole kwamba huduma haitamhitaji tena.

Wanaume wa mtaa walijaribu kumtoa Yakobo shimoni kwa kamba, ikakatika. Jailos alisema anayemtaka amchukue. Lea akashuka, akamgeuzia mtoto mgongo.

"Panda. Tunaenda kwa bibi."

Alimfunga kwa kitenge cha mama yake. Aliponyanyuka, uti wa mgongo wake ulialika kama kuni kavu.

Kondakta wa basi aliyatazama matairi yake akakataa. Lea alitembea kando ya barabara kuu, na lami ikabonyea chini ya miguu yake. Madereva wa malori walipunguza mwendo ili wasiingie kwenye mashimo aliyoyaacha. Kila siku aliinama zaidi. Jumapili ilimkuta njiani. Huko Ubaruku, Jailos alikuwa mahali pake kwenye kwaya, na Liberatus alikuwa akiwaonyesha waumini mizani mpya, imara kuliko ile ya kwanza.

Alipofika Ipogolo uso wake ulikuwa umeelekea vidole vya miguu yake. Bibi Roza, mama yake Esnath, alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Aliweka ungo chini, akakifungua kitenge mwenyewe kwa sababu Lea hakuweza kunyooka, wala hajanyooka mpaka leo.

"Hakuburuzwa, mama," Lea aliiambia miguu ya bibi.