Mji wa Kasuku

Kasuku aliporomoka kutoka kwenye kijiti chake, akagota sakafuni mwa tundu, mbawa zikipigapiga, miguu imekakamaa, jicho li wazi lakini haoni. Nikamwita, "Kitendawili." Siku zote hujibu, "Tega." Asubuhi ile hakujibu.

Kasuku huyo baba yangu alimleta kwa treni kutoka Kigoma, siku ya harusi yangu, pamoja na mkeka na sufuria mbili. Mkeka umeshaoza. Ninayoyasimulia ni ya mwaka ule wa madarasa ya watu wazima, mume wangu Twalibu, fundi bati wa Kanyenye, akishinda kutengeneza vibatari vya wanafunzi wenye mvi. Nami nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka arobaini ya mwanangu Maua.

Mama mkwe wangu, Bi Kuluthumu, alitazama mara moja tu. Degedege, alisema, na degedege la ndege humrukia mtoto. Akaleta chetezo amfukize. Chumba kikajaa moshi, kasuku akatapatapa zaidi, nikafungua dirisha bila kuomba ruhusa.

"Akianguka tena, mwanangu, Twalibu amchinje," alisema. "Mjukuu wangu hachezewi."

Sikumlaumu. Alikuwa amezika wanawe wawili kwa degedege.

Mkali alikuwa, hata kwenye vitendawili. Ukimtegea akashindwa, ni lazima akupe mji, naye hutoa kijiji tu, Puge. Akiwa na furaha sana, Ulyankulu. Tabora hakuwahi kumpa mtu. Babu yake alifika na misafara ya pembe, akatua mzigo hapa, asiondoke tena. Mji kama huo haugawiwi hovyo.

Jioni alipita Hilari, bwana mifugo, kuchukua kibatari chake. Nilimweleza kwa aibu, maana yeye ni mtu wa ng'ombe. Alicheka kidogo, kisha akaacha. Ndege akishikwa na degedege, alinielekeza, nisimbane wala kumtia maji mdomoni. Niondoe vijiti, nitandike kanga, nifunike tundu apate giza na utulivu, nihesabu linachukua muda gani.

"Halafu angalia alikuwa akifanya nini kabla," alisema. "Yeye hawezi kukwambia."

Kumbe ni kitendawili. Hapo nikapata nguvu. Darasa langu la nne lilinifundisha kusoma, lakini vitendawili nilizaliwa navyo.

Kesho yake kasuku akaanguka tena. Mama mkwe alikuwa sokoni. Nilitandika, nikafunika, nikahesabu polepole hadi hamsini na tatu, Maua akininyonya. Ndege alipotulia nilimwacha alale. Mama aliporudi hakuniuliza, nami sikusema.

Nikaketi kumtazama. Alipoamka alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya tundu, akaanza kuguguna. Tundu lilikuwa jipya. Twalibu alilitengeneza kwa furaha ya kupata mtoto, na kwenye kila kiungo akadondosha risasi ya kulehemu, tone baada ya tone, liking'aa kama shanga. Majirani walikuja kulitazama. Upande wa kijiti cha kasuku, shanga zilikuwa zimekwisha.

Nilimwonyesha Twalibu. Alipitisha kidole pale palipotafunwa. "Risasi ni sumu," alisema. Hakuna kazi aliyoipenda kama ile. Kisha akachukua mkasi wa bati akalikata vipande, na usiku haujaingia alikuwa amesuka tundu lingine, la fito na kamba, limepinda kama kikapu cha mwanafunzi. Mpaka leo nikikumbuka mikono yake ikihangaika na zile fito, namwombea.

Yeye mwenyewe akamweleza mama yake. Mama hakutaja kisu tena.

Hilari alisema tungoje. Wengine hupona, wengine hapana. Siku tisa kasuku alikula kidogo, hakuanguka, hakusema.

Ya kumi, asubuhi, mama mkwe alikuwa uani anamwogesha Maua. "Kitendawili," alinitupia, kama kawaida yake.

"Tega," ikajibu sauti kutoka kwenye fito.

Mkono wake ukasimama ndani ya beseni. Hakutega.

"Basi, mwanangu, nimeshindwa," alisema, macho kwa mtoto. "Chukua Tabora."

Nimo humu mpaka leo.