Mkanda Uliochukuliwa Shieywe

Mwaka 1976, wakati miwa ilikuwa imepandwa hadi kwenye kuta za jikoni, mtawala wa Uganda alitangaza kwamba magharibi ya Kenya ni yake. Kakamega ikachemka. Wakataji miwa waliacha mapanga shambani wakaenda mjini kuuliza jeshi litaandikisha lini.

Rosebella Shikanga, aliyesomea utengenezaji wa filamu Nairobi, aliazima kamera akarudi nyumbani. Alitaka kutengeneza filamu fupi ya kupinga vita, na wa kwanza kumhoji alikuwa baba yake, aliyepigana Burma katika jeshi la Mwingereza. Miaka thelathini mzee huyo hakuwa amesimulia chochote ila mvua na matope.

Mbele ya kamera alisema, "Nilimpiga risasi kijana wa Kijapani. Mfukoni alikuwa na mchele mbichi. Sikujua lugha yake, lakini nilijua anamwita mama yake."

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, mtaani Shieywe, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Patroba, mdogo wake Rosebella, alikaa mbele na wakataji wenzake. Maneno ya mzee yaliposikika, ofisa mmoja wa serikali alisimama akaamuru mashine izimwe.

"Unawavunja vijana moyo," alimwambia Rosebella. "Huu mkanda nauchukua."

Mzee Shikanga akainuka.

"Mkanda chukua, bwana. Na mimi je, utanitia mfukoni?"

Akaendelea kusimulia pale pale gizani: walivyomzika kijana yule, na alivyosugua mikono yake mtoni. Hapo Rosebella akaelewa kwa nini wali haukupikwa kamwe kwao hata Krismasi. Ofisa alibaki mlangoni na mkanda kwapani mpaka mzee akamaliza.

Mkanda haukurudishwa. Rosebella hakuazimwa kamera tena. Akapata kazi ya kufundisha shuleni Lumakanda. Vita havikuja, lakini Patroba alijiandikisha jeshini hata hivyo. Baba yake na Rosebella walimsindikiza hadi stendi, mzee akaushika mkono wake mpaka gari likaanza kuondoka.

Njiani kurudi, Rosebella aliuliza, "Baba, ile filamu ilisaidia nini?"

"Ya Patroba sijui, mama," mzee alijibu. "Lakini mimi tangu siku ile nalala usingizi."