Foto Iliyogeukia Ukuta

Mwaka wa 1986, mwezi wa saba, vijana sita waliomaliza masomo ya foto katika chuo kikuu kimoja cha Kinshasa walizungusha maonyesho yao: kwanza Kinshasa penyewe, halafu Lubumbashi, na mwisho Kalemie, kwa sababu wawili kati yao walikuwa watoto wa Kalemie. Wawili hao walikuwa Emerance na Germain. Kwenye diplome yake ya chuo Emerance aliandikwa Nyota Kisimba, maana Zaire ya siku zile haikutaka majina ya ubatizo kwenye karatasi za serikali. Lakini kutoka bandarini mpaka juu kwenye misioni watu walimwita Emerance, kama mama yake alivyomwita.

Padri alitangaza habari zao kwenye misa ya Jumapili. Germain alikwisha pata kazi katika gazeti moja la Lubumbashi. Mwenzao Constance alikuwa ameitwa Bujumbura kuonyesha foto zake za masoko. Na Emerance, binti wa mvuvi, ndiye aliyechukua zawadi ya kwanza ya chuo. Foto yake ingeondoka mwezi wa tisa kwenda kuonyeshwa Ubelgiji. Kanisa zima lilipiga makofi, na mama yake aliinamisha kichwa kana kwamba anasali, ili watu wasione anavyocheka.

Foto yenyewe ilikuwa kubwa, nyeusi na nyeupe, inakaribia urefu wa meza. Emerance aliipiga mwaka uliotangulia kwenye mchanga wa Moba. Wanawake wameinama, wanaanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa. Mchanga wote umefunikwa nao mpaka unang'aa kama bati. Mwishoni kabisa, upande wa kulia, mwanamke mmoja amesimama wima. Kichwani ana kikapu, amekishika kwa mkono wa kushoto, na anatazama moja kwa moja aliposimama mpiga foto. Waamuzi wa Kinshasa walimsifu sana huyo mmoja. Walisema bila yeye foto ingekuwa ya kawaida.

Maonyesho yalifunguliwa siku ya Jumatatu katika ukumbi wa parokia. Ufunguo alikuwa nao Papa Évariste, mtunza ukumbi, mzee mpole aliyekuwa zamani seremala wa boti. Watu walikuja wengi, wakatafuta ndugu zao kwenye foto, wakacheka, wakaenda.

Jumanne asubuhi Emerance alikuta foto yake imegeuzwa. Ilikuwa bado juu ya misumari yake, imenyooka vizuri, lakini uso wake ulitazama ukuta na mgongo wa mbao ulitazama watu. Alidhani ni mzaha. Akaigeuza, akaendelea na kazi.

Jumatano aliikuta vilevile. Aliirudisha tena, na sasa alikasirika. Alimwita Germain nje, kwenye ngazi.

"Kama zawadi yangu inakuchoma moyo, useme," alimwambia. "Hakuna haja ya kuja kuchezea kazi yangu."

Germain alimtazama. "Nimelala kwa shangazi, kule Lubuye. Umuulize. Na ufunguo si mimi niko nao."

Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomfanya Emerance aone haya.

Alhamisi alitangulia kufika, jua likiwa linapanda tu juu ya ziwa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Papa Évariste alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya ukumbi, kofia yake magotini, anatazama mgongo wa ile foto.

"Papa, ni wewe njo unaigeuza?"

"Njo mimi," alijibu mzee bila kuficha. "Juzi na jana. Sikuweza kufagia humu na yeye ananiangalia."

"Yeye nani?"

"Ule wa mwisho. Mwenye kikapu." Mzee alipitisha kidole kwenye ukingo wa kofia. "Ule njo Louise, muke wangu. Angalia mukono wake. Ulivunjika tulipoanguka na camion ya mizigo njia ya Pepa, kule milimani, na mufupa ukashika vibaya. Hakuna mwanamuke mwengine ana mukono unapinda vile."

Emerance alitaka kusema kwamba watu hufanana. Lakini mzee aliendelea kwa sauti ileile ya chini.

"Nilimuzika mwaka wa themanini, mwezi wa pili. Na wewe ulipiga foto hii mwaka jana. Nimeuliza Germain, akaniambia." "Usiku nilifikiri sana. Nikasema, Évariste, unakimbia muke wako? Leo nilikuja mapema nimuangalie vizuri. Nilifungua mulango na mikono yangu. Nikakuta amekwisha geuka. Mutoto wangu, leo sikumugusa."

Emerance alisimama pale akisikia mawimbi chini ya mlima. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Hakuitazama foto. Alitoka akaenda nyumbani, akatoa kasha lake la filimu, akaweka ile filimu kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa kioo cha kukuza. Mwanamke alikuwepo, mdogo kama mbegu, mkono umepinda. Halafu akafungua daftari. Siku ile ya Moba alikuwa ameandika jina la kila mtu aliyempiga, kama walivyofundishwa chuoni. Majina yalikuwa saba. Akahesabu wanawake kwenye filimu. Walikuwa wanane.

Kilichomtia baridi zaidi ni kitu kingine. Kila mmoja wa wale saba alimkumbuka: aliyemtania juu ya suruali yake, aliyempa muhogo wa kuchoma. Huyu wa nane, ambaye waamuzi walimsifu na ambaye kwa ajili yake alipewa zawadi, hakumkumbuka hata kidogo. Mwaka mzima alikuwa akiulizwa habari zake na akijibu kwa maneno ya kubahatisha, bila kujiuliza kwa nini.

Aliporudi ukumbini, Papa Évariste alikuwa bado kwenye kiti.

"Unipeleke pale ulimupigia foto," mzee alisema.

Germain alikubali kubaki na maonyesho. Emerance alimwomba radhi, naye akasema basi, yamekwisha. Walishusha foto, wakaifunga kwa blanketi, uso ndani. Ijumaa Emerance na mzee walipanda boti ya mizigo, wakakaa juu ya magunia ya chumvi. Mzee hakula chochote njiani. Mara moja tu alizungumza. Aliuliza kama mtu akipigwa foto anajua.

"Wengine wanajua," Emerance alijibu. "Wananyoosha shingo."

"Louise alikuwa hapendi foto," mzee alisema.

Moba waliwakuta wanawake palepale mchangani. Mkubwa wao, Mama Bertille, alimtambua Emerance kutoka mbali kwa kutembea kwake. Foto ilipofunguliwa, wote walikusanyika wakipangusa mikono kwenye vitenge. Walicheka kujiona wameinama. Mama Bertille aliwataja mmoja mmoja kwa kidole chenye magamba ya samaki: huyu fulani, huyu fulani, huyu mimi. Kidole kilipofika upande wa kulia kilisimama, na kicheko kikaisha kwa wote kwa wakati mmoja.

"Kumbe anaonekana," mmoja wao alisema polepole.

"Munamujua?" Papa Évariste aliuliza.

Mama Bertille alimtazama mzee kuanzia viatu mpaka kofia. "Tunamujua na hatumujui, Papa. Anakuja siku ndakala ni wengi, mikono haitoshi. Anatokea kule kwenye majabali. Anaanika pamoja na sisi, upande wa mwisho, halafu wakati wa kugawa tunageuka, hayuko. Hajakula na sisi hata siku moja. Tulifikiri ni muntu wa huko Pepa, amekimbia ndoa. Miaka inapita, tukaacha kufikiri."

"Anasema?"

"Mara moja tu, nilimusikia mimi mwenyewe. Aliniuliza kama boti ya Kalemie imeleta muntu."

Mzee alikaa chini kwenye mchanga, si kama mtu aliyechoka, ila kama mtu aliyefika.

Walingoja siku tatu. Ziwa lilikuwa gumu, wavuvi walirudi na kidogo. Papa Évariste alitengeneza ubavu wa mtumbwi wa watu waliowapa mahali pa kulala, akachonga na kasia, mikono yake ikikumbuka kazi. Emerance alipiga foto za misioni na za ng'ombe walioteremshwa kutoka milimani kuja sokoni, lakini macho yake yaliendelea kurudi kwenye majabali.

Siku ya nne, saa moja ya asubuhi, mitumbwi ilirudi imezama mpaka ukingoni kwa ndakala. Ufuko wote uliamka. Wanawake walibeba mabeseni mbio mbio, wakamwaga, wakatandaza. Papa Évariste alikunja suruali, akachukua beseni, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo si kazi ya wanaume. Alianika akielekea mwisho, hatua kwa hatua, mpaka akawa peke yake karibu na majabali.

Emerance alikuwa na aparei yake ya kupigia foto shingoni. Alimwona mzee anasimama. Alimwona anavua kofia. Halafu akainamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya mtu mwenye sikio moja zito anaposemeshwa na mtu mfupi kuliko yeye. Mbele yake Emerance hakuona chochote, ila mchanga, na ndakala waliokuwa wakitandazwa. Walikuwa wanatandazwa kweli. Mstari wao uliendelea kurefuka kuelekea majabali, na mikono ya mzee ilikuwa imeshika kofia.

Aliinua aparei bila kufikiri. Mama Bertille, aliyekuwa ameinama karibu yake, hakuinua hata kichwa.

"Usipige, mutoto wangu. Ulikwisha mupiga mara moja bila kumuomba."

Emerance akashusha mikono. Aliinama naye, akaanza kuanika, na alijilazimisha kutazama samaki tu, samaki na mchanga, mpaka aliposikia nyayo za mzee zinarudi.

Papa Évariste alikuwa na uso wa mtu aliyegombezwa nyumbani kwake mwenyewe.

"Amekasirika," alisema. "Anasema tumemuweka mbele ya parokia nzima na nguo ya kazi, kichwa hakijafungwa vizuri. Mbele ya padri. Anasema mimi nilimugeuza, wewe ukamurudisha, mpaka akageuka yeye mwenyewe."

Emerance alisema neno moja tu alilolijua. "Umuombe anisamehe, Papa."

"Nimekwisha muomba."

Mzee hakurudi Kalemie. Alisema kuna mitumbwi mingi Moba inayovuja, na Mama Bertille alisema watamtafutia nyumba. Emerance alipanda boti peke yake, na ile foto ilikuwa pembeni yake ndani ya blanketi. Kalemie alikuta Germain ameacha misumari miwili mitupu pale ilipokuwa. Habari ilikwisha zunguka mji, na watu waliokuja siku za mwisho walipita mbele ya foto nyingine zote haraka haraka, wakaenda kusimama mbele ya ile misumari, wengine wakifanya ishara ya msalaba.

Aliandika barua kwa watu wa zawadi kule Kinshasa. Aliwaambia foto ile ina mwenyewe na mwenyewe amekataa. Akawatumia nyingine, ya ng'ombe na wachungaji wa Pepa. Walimjibu kwa maneno makali kidogo, halafu wakaipokea. Huko Ubelgiji haikupata sifa kubwa. Germain alimwambia amepoteza bahati ambayo hairudi, naye alikubali kwamba huenda ni kweli. Filimu aliiweka kwenye kasha, na kasha akampa mama yake alifiche, ili yeye mwenyewe asijue liko wapi.

Mwezi wa kumi Papa Évariste alituma barua kwa mkono wa nahodha wa boti ya Moba. Ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine, kwa mwandiko wa shule ya misioni. Aliwasalimu wote. Alisema afya yake ni nzuri, na kwamba anaomba jambo moja: Emerance aende kwa binti yake Marthe, wafungue sanduku la Louise, watoe kitenge cha kijani cha Jumapili, wakitume Moba.

Marthe alisoma barua amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Aliisoma mara mbili.

"Kitenge kile hakiko kwenye sanduku," alisema. "Njo tulimuzika nacho. Papa anajua. Yeye mwenyewe alimufunga."

Mtoto alivuta nywele za mama yake. Halafu Marthe alienda kujitanda kitambaa kichwani, wakateremka pamoja sokoni. Walizunguka kwa wauza nguo mpaka saa sita kabla ya kupata kijani kilichofanana na kile. Marthe alikipima mwilini mwake mwenyewe, kwa sababu alikuwa na kimo cha mama yake.

Bandarini walikifunga kwenye karatasi ngumu. Nahodha alitaka jina la mwenye kupokea liandikwe juu, kwa herufi kubwa. Emerance alichukua kalamu, akamtazama Marthe. Marthe akaitikia kwa kichwa.

Aliandika: MAMA LOUISE, MOBA. Nahodha akasoma, akauliza ni Louise yupi, maana Moba wako wengi.

"Ule wa ndakala," Marthe alimjibu. "Mupatie Papa, atamufikishia."