Fisi wa Byron Mezani

Mimi usinifundishe kushambulia. Wiki mbili nzima nilihangaika na deki yangu, lile fungu la kadi ninazochezea vita mezani. Nilitoa viumbe wazito wanaochelewa kuingia vitani, nikatoa walinzi wote, nikajaza wadogo wakali wanaouma tangu raundi ya kwanza. Alikosekana wa kuwaongoza tu. Nikamtia Fisi Mwekundu.

Fisi alikuwa wa marehemu ndugu yangu, Byron. Mjane wake, Phanice, alinipa sanduku la kadi zake nimtunzie binti yao mpaka akue, akaniomba jambo moja tu: Fisi asiingie mezani. Meza yetu, pale dukani kwa Hemed, Muhuru Bay, ina sheria yake. Anayetoka wa kwanza hufunua deki yote, na mshindi huchagua kadi moja akaenda nayo. Hairudi, hata ulie.

Nilijiambia nani atanitoa mimi? Nilikuwa nimemjaribu Mulki wa duka la nguo, sisi wawili tu, nikamchapa mara nane mfululizo. Kichwa kikavimba. Nikapiga picha deki nzima, nikaituma kwenye grupu yetu ya simu: Jumapili mjipange. Hakuna aliyejibu. Hemed, ambaye hanyamazi hata akiumwa na jino, aliisoma akanyamaza.

Jumapili baada ya kanisa nilimkuta Phanice mezani kwa Hemed, kwenye kiti cha nne. Hakuwahi kucheza nasi. Nikamsalimia, shemeji habari, akasema nzuri bila kuinua macho. Upepo wa ziwa ulikuwa unagonga mabati, harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, inaingia, na Hemed akainuka akafunga mlango. Roho yangu ilisita, lakini kiburi kikanikalisha.

Raundi ya tatu nilimshukia Hemed na viumbe wangu wote. Akabaki na pointi nne za uhai kati ya ishirini. Nilicheka, peke yangu. Kiumbe akishashambulia hulala, hawezi kukulinda mpaka zamu yako irudi, na kwa watu wawili hilo si neno, adui ana pigo moja tu. Hapa kulikuwa na watu watatu kabla ya zamu yangu, na wangu wote wamelala. Mjinga mimi, sikuwa nimelifikiria kabisa.

Mulki akanipiga bila kuniangalia. Kisha Phanice akashusha polepole kadi alizoazimwa na Hemed, akanimaliza. Mulki na Hemed wakaweka zao chini, wakampa ushindi.

“Mmenipangia,” nikasema.

“Picha ulituma mwenyewe,” Hemed akajibu. “Simu ya Byron bado iko kwa grupu, Japheth. Unadhani nani anaishika?”

Nilifunua deki. Phanice hakutafuta. Alimchukua Fisi, akamfuta vumbi kwa kona ya leso.

“Lete na sanduku,” akasema. Hakuniita shemeji.

Lilikuwa chini ya kiti changu; nikalisukuma kwa mguu kwa hasira, halafu aibu ikanishika. Nikainama, nikaliokota, nikampa kwa mikono miwili.

Kabla ya giza kuingia, nilifungua simu. Kwenye grupu kulikuwa na taarifa mpya: “Byron ameondoka.” Nililia siku hiyo kuliko siku tuliyomzika.